Losheni ya jua kwa ngozi ya mafuta: nimeharibu mapishi saba, la nane limekubali kukaa usoni

Fundi wa Krimu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Ngozi yangu ni ya mafuta tangu kidato cha pili. Ile ya kuoga alfajiri, ukifika Ubungo saa mbili kipaji cha uso kinang'aa kama sufuria lililotoka kusuguliwa na mchanga. Niko Dar, natengeneza sabuni za maji na losheni za mwili, biashara ndogo tu. Kemia nilisoma chuo, vipodozi nimejifunzia jikoni. Mwaka jana nikasema nitengeneze losheni ya jua ambayo mimi mwenyewe naweza kuivumilia, maana nyingi nilizonunua nikipaka kiasi kinachotakiwa najiona kama nimepakwa samli.

Na hapo kwenye kiasi ndipo penye mada yenyewe. Namba ya SPF kwenye chupa, yaani kipimo cha kinga ya jua, hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ni kama mistari miwili ya losheni iliyojaa kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shinani hadi nchani. Jaribuni leo na hiyo mliyo nayo ndani, mtashangaa. Mwenye ngozi ya mafuta hapaki hivyo hata kwa dawa. Anachovya kidogo, anasambaza, anashukuru Mungu. SPF 50 yake hapo imeshakuwa kitu kingine kabisa. SPF 30 ikipakwa sawasawa inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, 50 inazuia 98. Kwa hiyo losheni nyepesi ya 30 ambayo mtu anaipaka yote inaishinda ya 50 anayoionea kinyaa. Kwangu mimi wepesi si urembo, ni sehemu ya kinga.

Sasa mapishi.

La kwanza lilikuwa la zinki oksidi, unga mweupe unaozuia miale ya jua. Nilinunua unga Kariakoo kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni wa vipodozi, nikaweka asilimia 20 kwenye krimu yangu ya kawaida, nikapiga kwa blenda ya mkono. Nilivyojipaka nikaonekana kama nimeangukiwa na gunia la sembe. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia tone moja juu ya kigae cheusi: madonge matupu. Unga wa zinki hupenda kujikusanya, na blenda ya jikoni haina nguvu ya kuyavunja hayo madonge. Penye donge pana weupe, pembeni ya donge pana uwazi jua linapita. Baadaye nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa mfuko, kumbe ni zinki ya kutengenezea rangi za nyumba.

La pili nikaagiza zinki iliyokwishasagwa ndani ya mafuta kiwandani. Nikataka iwe ya jeli ili iwe nyepesi, nikatumia kaboma, unga wa kugandisha jeli. Jeli ilisimama vizuri, nikaingiza zinki, nikaenda kupokea simu. Narudi nakuta uji wa mgonjwa. Kaboma haipatani na madini ya zinki, yakiachia chaji zake jeli inalegea. Kitu hiki kiko kwenye karatasi ya maelezo ya kaboma, ukurasa wa kwanza, ila nani anasoma.

La tatu niliachana na unga kabisa nikaenda kwenye vichujio vya kuyeyuka, yaani kemikali za kuzuia miale ya jua: avobenzoni na oktinoksati, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Usoni ilikuwa raha. Najua kuna watu humu wameshakunja ndita, nitarudi kwenye hilo. La nne nikabadilisha oktinoksati nikaweka oktokrileni, uso ukarudi kuwa sufuria. La tano nikasema dawa ya mafuta ni unga wa silika, nikaweka asilimia 6. Mafuta yalikauka kweli, lakini ngozi yangu nyeusi ikawa na vumbi kama mtoto aliyetoka kucheza kombolela, na nikigusa shavu losheni inajiviringa vipande vipande kama makombo ya raba ya kufutia.

La sita ndilo lililonifundisha zaidi ya yote, niwaeleze taratibu.

Nilijiambia: kama tatizo ni mafuta, nitoe mafuta. Vichujio vingi vya kisasa vinavyokinga vizuri UVA, miale inayokoleza madoa, ni unga, na huyeyuka kwenye mafuta tu, havikubali maji. Kwenye losheni za viwandani huyeyushwa kwa esta, hayo ni mafuta mepesi yaliyotengenezwa, mengine huyasikii kabisa ngozini. Mimi nikapunguza esta hadi nusu. Ikatoka losheni nyepesi, nzuri, nikampigia simu dada yangu kumringia. Wiki ya tatu nikaipaka nikahisi mchanga. Nikaisugua kati ya vidole viwili: chenga kama za sukari. Vichujio vilikosa mafuta ya kutosha ya kuvibeba, vikarudi kuwa fuwele. Na kichujio kilichoganda fuwele hakikingi, kimelala tu humo chupani. Yaani nilikuwa na losheni nyepesi ya jua isiyo na kinga ya jua ndani yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii kazi si ya kuondoa mafuta. Ni ya kuchagua mafuta. Parachichi, nazi, mzeituni na alizeti vina uzito wake na havina uwezo mkubwa wa kuyeyusha vichujio. Esta kama dibutili adipati inayeyusha vizuri kuliko hayo yote, na ukiipaka inasambaa halafu kama haipo. Gramu nane za mafuta sahihi ni nyepesi usoni kuliko gramu nne za mafuta mabaya.

La saba lilitengana maji chini mafuta juu, stoo yangu ina bati bila dari. La nane niko nalo wiki ya kumi sasa.

Karibuni, mwenye maswali aulize.

Kijukuu cha Pangani

Nimekaa siti ya mbele kabisa na kahawa yangu. Hiyo ya sembe imenivunja mbavu.

Swali la kishamba mkuu, samahani. Bibi zetu huku pwani walipaka mafuta ya nazi na liwa, na ngozi zao hadi uzeeni zilikuwa laini. Mbona hatusikii habari za SPF enzi hizo? Na kuna mtu anauza mafuta ya karoti anasema ni SPF 40 ya asili.

Fundi wa Krimu

Kijukuu, si swali la kishamba, naulizwa kila wiki.

Bibi hakuwa na mafuta ya nazi peke yake. Alikuwa na kanga kichwani, kazi za shamba alimaliza kabla jua halijapanda, na saa saba mchana ungemkuta barazani chini ya mwembe. Ukiondoa kanga, mwembe na saa zake, ukabakiza nazi peke yake, umechukua kitu kidogo kuliko vyote. Mafuta ya nazi yanazuia miale kidogo mno, na kwa ngozi kama yangu yanaziba vinyweleo, chunusi zinafuata. Liwa likipakwa zito linaweka kivuli kama udongo unavyoweka, lakini ni nani atakwenda benki na liwa usoni?

Hiyo ya karoti ikimbie. Mafuta ya karoti si losheni ya jua. Kwanza muulize huyo muuzaji amepima wapi.

Mzee wa Bodaboda

Mimi niko juani saa kumi na moja kwa siku. Nilinunuliwa moja na shemeji yangu. Nikitoka jasho ndani ya helmeti inashuka machoni, inawasha kama pilipili kichaa, siku moja nusura nimwingie mama ntilie. Tangu hapo nikasema jua na lije.

Wanaume wenzangu mnapaka kweli au ni mambo ya kina dada?

Fundi wa Krimu

Pole kaka yangu. Jua haliangalii jinsia, ila kuwashwa kwako nakuelewa. Avobenzoni na vichujio vingine vya kuyeyuka vikisafirishwa na jasho hadi jichoni vinachoma. Kuna mambo mawili. Kuanzia juu ya nyusi hadi kuzunguka macho tumia ya zinki, hata ile ya fimbo ngumu kama ya kupaka midomo, haisafiri ovyo. Na losheni yenyewe iwe na kitu cha kujenga utando, ndizo zinazoandikwa kuwa zinastahimili maji, kwa kawaida dakika 40 au 80. Hata hivyo kwa kazi yako baada ya saa mbili za jasho unatakiwa upake tena. Mikono ya juu ya usukani usiisahau, na shati la mikono mirefu linakukinga kuliko chupa yoyote ya kwangu.

Dada wa Kisauni

Shoga, huku Mombasa joto na unyevu ni huohuo, uso unatiririka hata ukiwa umeketi ndani. Mimi sina shida ya kuungua. Shida yangu ni madoa. Chunusi ikipona inaacha alama nyeusi haiondoki miezi sita. Daktari kaniambia nipake losheni ya jua hata nikiwa ofisini karibu na dirisha. Sasa watu wananiambia sisi weusi tuna kinga yetu ya kuzaliwa, napoteza pesa. Ni kweli?

Mfamasia Mkaidi

Dada wa Kisauni, nikujibu mimi kabla sijamgeukia mleta mada.

Ngozi nyeusi ina kinga yake, si uongo. Kipimo kinachotajwa sana, cha mwaka 1979, kiliiweka kama SPF 13 hivi dhidi ya 3 na kitu kwa ngozi nyeupe. Lakini hiyo ni kwa UVB, ile inayounguza. Madoa yako yanakolezwa pia na UVA, ambayo inapita kwenye kioo cha dirisha, na hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Vichujio vingi haviushughulikii mwanga huo. Kinachousaidia ni oksidi za chuma, yaani rangi zile za njano, nyekundu na nyeusi zinazowekwa kwenye losheni za jua zenye rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi mwenye madoa, losheni yenye rangi ina faida mara mbili: inakinga mwanga huo na inaficha weupe wa zinki. Ubaya ni kwamba rangi zinazoletwa huku mara nyingi zinaishia kwenye "maji ya kunde", baada ya hapo kampuni zimechoka.

Sasa mleta mada. Nimekusoma kwa makini, una akili na una uvumilivu, hongera. Lakini nina mawili.

Pishi lako la tatu. Avobenzoni na oktinoksati kwenye chupa moja ni paka na panya. Vikipigwa na jua vinaharibiana, na avobenzoni peke yake tayari ni dhaifu mbele ya jua. Oktokrileni ndiyo huishikilia. Natumaini hukumpa mtu.

Jambo la pili ndilo kubwa. Nimesoma posti yako yote, umetaja SPF mara nyingi. Ya kwako ni ngapi na umejuaje?

Kijukuu cha Pangani

Hapo sasa. Naongeza sukari kwenye kahawa.

Fundi wa Krimu

Mfamasia, nilijua utafika hapo. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika nikawa naahirisha, wacha niseme.

Pishi la tatu nililiuza. Chupa 14, lebo nzuri ya kijani, na nikaandika SPF 30. Namba niliitoa kwenye kikokotoo cha mtandaoni: unaingiza asilimia za vichujio, kinakupa jibu. Kwangu kilitoa 38, nikajiona mwadilifu kwa kushusha hadi 30. Nikathibitisha na kile kikaratasi kinachogeuka zambarau juani. Nilipaka losheni juu yake hakikugeuka, nikapiga picha nikaweka status.

Mteja mmoja alikwenda nayo Bagamoyo siku mbili. Aliniamini, kwa hiyo hakuvaa kofia. Alirudi na mashavu yamekolea meusi, madoa aliyoyapigania mwaka mzima yamerudi yote. Na kola za mashati yake meupe zilikuwa na alama za rangi ya chai. Hiyo ya kola nilikuja kuielewa baadaye: avobenzoni ikikutana na madini ya chuma inageuka rangi, na yeye hufulia maji ya kisima. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, ile thelathini uliipima wapi?" Ndiyo maana nilivyoona swali lako nilifunga simu kwanza.

Nilizikusanya chupa 11, tatu zilikuwa zimekwisha. Nikarudisha hela za zote 14.

Kwa hiyo jibu: pishi la nane SPF yake siijui. Natumia mimi mwenyewe, na kofia.

Mfamasia Mkaidi

Umejibu kiungwana, nami nashusha upanga.

Kwa wengine wanaosoma, ili msidhani ni ubishi wa mfamasia. Kikokotoo hakijui kama vichujio vyako vimeyeyuka vyote, hakijui kama losheni inatengeneza utando sawa au inaacha mashimo kwenye ngozi. Kikaratasi kinakuonyesha kuna UV au hakuna, hakitoi namba. Kipimo chenyewe, kile cha kiwango cha kimataifa ISO 24444, kinafanywa kwenye migongo ya watu, wasiopungua 10. Wanapakwa miligramu 2 kwa sentimita ya mraba, wanapigwa na taa ya UV, kesho yake unatazamwa wekundu. Kwa sababu wanatafuta wekundu, wanaopimwa ni wa ngozi nyeupe. Kwa hiyo hata namba ya kampuni kubwa haikupimwa kwa mtu kama wewe na mimi, ila angalau imepimwa kwa mtu.

Na hata wakubwa wanakosea. Mwaka 2020 losheni moja ya Korea, nyepesi, iliyopendwa mno na watu wa ngozi ya mafuta, ilikuwa imeandikwa 50+, ikapelekwa maabara ikatoka kama 19. Juni 2025 shirika la walaji la Australia, Choice, lilipima losheni 20 na 16 hazikufikia namba iliyo kwenye lebo. Nchi ile ina sheria kali za losheni za jua. Sasa sisi wa blenda?

Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, vilipotolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Ukitaka kuuza anzia huko, na ukipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kama mjasiriamali mdogo utapata mtu wa kukushika mkono. Maabara za kupima SPF kwa watu zipo Afrika Kusini.

KofiaPana

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nipo Moshi.

Kwetu haya mafuta tunayaita mafuta ya jua, si urembo. Hapa hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa Kilisun, mahsusi kwa ajili yetu. Aliyeanzisha kazi hiyo ni mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na vichujio vinatoka BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Nimeyatumia miaka. Ni mazito kidogo, ndiyo, lakini yanakaa, na yametengenezwa kwa mtu anayelima na kuchota maji juani.

Nimefurahi mleta mada umerudisha hela. Lakini niseme moja kwa wote mnaotaka kujifunza hapa mkauze. Mkiandika namba ya kubuni, dada wa Bagamoyo amepata madoa. Chupa hiyohiyo akiinunua mama wa mtoto mwenye ualbino, kwa sababu imeandikwa 30 na ni ya bei nafuu, huyo mtoto baada ya miaka kadhaa anapata kidonda kisichopona. Nimezika rafiki wawili kwa kansa ya ngozi. Hamtajua chupa yenu imefika kwa nani.

Wepesi sina ugomvi nao. Watoto wetu nao wanayakimbia mafuta mazito, tunawafukuza uwanja mzima asubuhi.

Fundi wa Krimu

KofiaPana, asante, na pole kwa marafiki. Sina cha kuongeza.

Dada wa Kisauni

Nimesoma hiyo nimenyamaza kidogo.

Shoga, mimi siuzi kitu, nataka kujua tu. Hilo pishi la nane lina nini ndani? Usipotaka kusema si neno.

Fundi wa Krimu

Nitaandika, kwa masharti: msiuze, msiandike namba, msimpake mtoto wala mtu mwenye ualbino. Hii ni ya kuelewa jinsi wepesi unavyopatikana. Hesabu ni kwa gramu 100.

Chungu cha maji: maji yaliyotoneshwa 56.2, glisirini 2, niasinamidi 3, gamu ya zanthani 0.2, EDTA 0.1. Glisirini nyingi inanata, zaidi ya 3 kwa hali ya hewa ya Dar utajuta. Niasinamidi ni kwa ajili ya mafuta na madoa. EDTA hukamata madini ya chuma, ni kidogo lakini usiiruke, kumbuka kola.

Chungu cha mafuta: Uvinul A Plus 5, Uvinul T 150 3, Tinosorb S 4, ethilheksili salisilati 5, dibutili adipati 8, potasiamu setili fosfati 2, setili alkoholi 0.5. Vinne vya mwanzo ndivyo vichujio, vyote viko ndani ya viwango vya Ulaya. Avobenzoni nimeiacha kabisa, kazi yake ya UVA inafanywa na Uvinul A Plus, na yenyewe haitetereki juani. Salisilati ni majimaji, kwa hiyo inakinga na papo hapo inasaidia kuyeyusha wenzake. Ukipata kichujio kinachofanya kazi mbili umepunguza mafuta bila kupunguza kinga. Potasiamu setili fosfati ndiyo inayoshikanisha maji na mafuta. Nilikuwa natumia nta ya kushikanishia ya losheni za mwili, asilimia 5, ndiyo iliyokuwa inaleta ule uzito wa krimu ya mtoto.

Mwisho, ikishapoa chini ya nyuzi 40: ethanoli 7, silika 3, fenoksietanoli iliyochanganywa na kisaidizi chake 1, hicho ndicho kihifadhi.

Mafuta yachemshe taratibu hadi nyuzi 80, ukoroge, na usiendelee hadi uone yamekuwa angavu kama chai ya rangi isiyo na majani. Punje moja ikibaki, subiri. Mimi pishi la sita sikusubiri. Maji nayo yafike 80, mimina mafuta ndani ya maji ukipiga kwa nguvu dakika tatu, halafu punguza ukoroge hadi ipoe. Ethanoli inashika moto, zima jiko na usiwe karibu na mkaa wa jirani. Ndiyo inayoleta ule ubaridi ukipaka, inaruka na kuacha utando mwembamba. Silika usivuke 3 kama ngozi yako ni nyeusi. Na vaeni barakoa mnapopima unga wowote.

Kijukuu cha Pangani

Maji yaliyotoneshwa tunapata wapi? Si ndiyo haya ya betri ya kituo cha mafuta? Na dibutili siipati, naweza kuweka parachichi? Na kihifadhi nisipoweka, iwe ya asili?

Fundi wa Krimu

Kijukuu, umeuliza matatu na yote yangekuletea balaa.

Chupa inayoitwa "maji ya betri" kwenye duka moja ni maji matupu, kwenye duka la pili ni tindikali. Nimeona zote mbili rafu moja. Nunua duka la vifaa vya maabara au famasi.

Parachichi hapana, vitaganda fuwele kama vyangu. Huwezi kubadilisha mafuta kwenye losheni ya jua kama unavyobadilisha kwenye losheni ya mwili. Humo mafuta ni chungu kinachobeba dawa.

Bila kihifadhi, kitu chenye maji kwa joto la Tanga kinaota ukungu ndani ya siku chache. Kabla hujauona, bakteria wameshakula na wewe unawapaka juu ya chunusi.

Mfamasia Mkaidi

Nimelipitia. Salisilati 5 uko juu kabisa ya kiwango cha Ulaya, usiongeze. Ethanoli 7 kwa mwenye chunusi zilizopasuka itachoma. Umepima pH, yaani kiwango cha tindikali? Fuwele umeangalia kwa nini, kwa vidole tu au kwa hadubini?

Fundi wa Krimu

pH ni 6 kwa karatasi. Fuwele naangalia kwa hadubini ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari jirani, kila Jumamosi, namlipa kwa sabuni. Hadi wiki ya kumi hakuna. Chupa moja iko kwenye friji, moja chini ya bati, moja dirishani, ya bati imelegea kidogo lakini haijatengana. Nilitaka kujaribu na mtikisiko na joto kwa pamoja, maana losheni ya jua huishi kwenye mkoba na kwenye gari, sina gari.

Mzee wa Bodaboda

Mkuu, weka chupa chini ya siti yangu. Joto lipo, mashimo ya Mbagala yapo. Wiki nne nakurudishia.

Fundi wa Krimu

Kaka, nimekubali. Ni PM nikuletee. Usiifungue wala usiipake, inatakiwa irudi kama ilivyo.

Mzee wa Bodaboda (baada ya wiki tatu)

Wakuu narudi kutoa ripoti. Chupa ilikaa siku 19 vizuri, haijatengana, niliitazama kila jioni. Juzi abiria mmoja dada wa Temeke kaiona nikifungua siti, kaniomba apake kidogo jua lilikuwa kali. Nikamwambia ni ya utafiti. Akapaka. Leo kanipigia anauliza inauzwa bei gani, uso wake haung'ai.

Fundi wa Krimu

Haiuzwi! Mkuu, ilikuwa sampuli ya joto! Amepaka kiasi gani?

Mzee wa Bodaboda

Yote.